Mbono wa Kabatini

Mwalimu mmoja, jina lake Skolastika, alikuwa na kabati la vioo, na ndani ya kabati hilo alikuwa na dunia nzima. Palikuwa na ramani ya Afrika ya mbao, kila nchi ikichomoka peke yake. Palikuwa na ngoma ndogo za makabila, mawe ya milima ya moto, na trei za mimea, kila trei na jani lake, tunda lake, mbegu zake na kadi ya jina. Wazazi walijinyima ili shule yao ipate vitu hivyo. Muuzaji aliyevileta alimsihi mwalimu jambo moja tu: mtoto avishike mwenyewe, avigeuzegeuze, kisha atoke nje akatafute kinachofanana navyo.

Skolastika aliitikia, halafu akafunga kabati kwa ufunguo. Aliijua mikono ya watoto. Kitunze kikutunze, alisema, na jamani, alivitunza! Kila asubuhi darasa lilisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, yeye akionyesha kwa fimbo, wao wakiimba kwa sauti moja: mbaazi ni chakula, pamba ni nguo, mbono una sumu. Wageni waliokuja kukagua walipiga makofi. Aliyeimba kuwashinda wote alikuwa Grasiana, mtoto wake wa pekee, na mama aliona raha moyoni kama mtu aliyekwisha kuvuna.

Siku moja, baada ya mapumziko, Grasiana alianza kutapika. Alitapika hata akalegea, macho yakamzama, miguu ikakataa kusimama. Skolastika alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, akakimbia naye hadi zahanati, kiatu kimoja kimebaki njiani asijue. Mganga alimkunjua mtoto kiganja, akakuta maganda meusi ya mbegu. Aliyatazama mara moja tu, akasema ni mbono.

Mbono! Neno ambalo mtoto huyu aliliimba asubuhi ile ile! Dripu ilipokwisha kutundikwa na mtoto akafumbua macho, mama alimuuliza, karibu kwa hasira, kama hakujua kwamba mbono una sumu.

"Najua, mama," Grasiana alinong'ona. "Lakini mbono uko kabatini. Hizi nimeziokota kwenye ua wa shule, ni tamu kama karanga."

Ua wa shule ulikuwa mibono mitupu, imepandwa kuzunguka uwanja wote ili mbuzi wasiingie. Watoto waliegemea mibono hiyo kila mapumziko, na Skolastika mwenyewe aliipita kila siku, fimbo mkononi, akienda kuwaonyesha mbono nyuma ya kioo.

Mtoto yule alipona, kwa rehema ya Mungu. Nasi tunaowakaririsha watoto wetu mema na mabaya huku tumewaamuru waweke mikono nyuma, tutawaambia nini siku watakapoyaokota njiani wasiyatambue?