Ngata ya Nakijwa

"Anayebisha bomba, mpe ngata." Mmemsikia shangazi yenu akimrushia mumewe maneno hayo asubuhi, mkacheka, sasa mnaniuliza yametoka wapi. Basi kaeni. Mimi nilisimuliwa na mama mkubwa Nangasu, mwaka ule nilipotolewa shule darasa la nne, tukichambua maharage uani. Yale mabovu aliyatupa kwa nguvu utadhani yamemtukana. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kijiji juu mlimani, Kwenangoi, na maji yake yalikuwa chini bondeni. Wanawake walishuka jogoo la kwanza, wakapanda na madebe kichwani, juu ya ngata, jua limeshatoka. Nakijwa alikuwa mmoja wao. Debe la kwanza la kupikia, la pili la ng'ombe, la tatu la kuoga baba mkwe wake, Mzee Senkondo, ambaye hakuoga maji baridi, wala hakuoga nusu debe.

Siku moja akaja fundi wa bomba, Kisaka. Akasema ng'ambo ya bonde iko chemchemi iliyo juu kuliko kijiji chao. Wanaume wachimbe mtaro kwa msaragambo, wote kwa pamoja, kila nyumba kipande chake, naye atalaza mabomba; maji yatashuka bondeni kisha yatapanda yenyewe mpaka Kwenangoi.

Mzee Senkondo akasimama. Alikuwa mtu wa kusikilizwa.

"Nimezaliwa hapa, nimezeekea hapa. Maji yakishuka yameshuka. Siku yakipanda mlima, kuku watanyonyesha!"

Wanaume, ambao ndio wangeshika majembe, walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi akakunja karatasi zake, akaenda kijiji cha jirani, Mfinga.

Nakijwa hakucheka. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, miezi saba. Mvua zilipoanza, njia ya mtoni ikateleza kama bamia, akaanguka na lile debe la tatu. Mtoto hakuishi. Watu walikuja kumpa pole, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mzee Senkondo naye alisema hivyo, akiwa ameshaoga.

Mwaka uliofuata maji yakafika Mfinga. Yalishuka, yakapanda, kama fundi alivyosema. Kisaka akarudi Kwenangoi mara ya pili, na mkutano ukaitwa alasiri. Nakijwa alikuwa mjamzito tena, mwezi wa sita.

"Haya, yamepanda, sikatai," akasema Mzee Senkondo. "Lakini ni ya leo tu. Kiangazi kikija bomba litapasuka, na wake zenu watakuwa wameshasahau njia ya mtoni. Halafu mwanamke asiyechota maji atafanya nini kutwa? Atasengenya! Tungoje miaka mitatu, tuwatazame hao wa Mfinga."

"Miaka mitatu!"

Watu wakageuka. Nakijwa alikuwa amesimama, debe miguuni pake, maana alikuwa ametoka mtoni moja kwa moja. Mkwe kupaza sauti mbele ya baba mkwe ilikuwa aibu kubwa. Mumewe Elinami akamwashiria akae. Hakukaa. Akavua ngata yake ya majani ya mgomba, ingali inachuruzika maji, akapita katikati ya wanaume, akaiweka juu ya magoti ya mzee.

"Baba, ulisema maji hayapandi mlima. Mbona yalipanda kila siku? Yalipanda juu ya kichwa changu, ukaoga."

"Mwanangu, keti. Hiyo ni hasira ya msiba."

"Ndiyo, ninayo! Na mwanangu yuko wapi? Hiyo miaka mitatu ingoje wewe, na ngata hii. Kesho usiniulize maji. Mto uko palepale."

"Elinami! Mkeo huyo!"

Elinami alitazama tumbo la mkewe, kisha akatazama chini.

Kesho yake mzee hakuletewa maji. Kesho kutwa vilevile. Hakuna mwanamke wa ukoo aliyemchotea. Siku ya tatu akashuka mwenyewe, kijiji kizima kikimwangalia. Alirudi adhuhuri, koti limelowa, shingo imepinda, debe limebaki robo. Hakuoga. Alilitua, akachukua jembe, akaenda kuchimba kipande cha mtaro cha nyumba yake. Wanaume wakamfuata mmoja mmoja bila kutazamana.

Maji yalifika Kwenangoi wiki ileile Nakijwa alipojifungua mtoto wa kike. Mchana mmoja Mzee Senkondo akasimama mlangoni kwake na debe la maji ya bomba, limejaa pomoni.

"Mama, nimekuletea ya kumwogeshea mtoto. Nilikosea."

"Weka hapo, baba."

Asante hakusema. Mama mkubwa aliniambia hakuwahi kumsamehe, na mimi simlaumu. Kuna maneno mtu huyasema akiwa amekaa, na mwingine ndiye anayeyabeba.

Mzee akatoka polepole. Huko nje jirani mmoja alikuwa akiwaambia wenzake kwamba bomba lile litapasuka kabla ya mwezi wa kumi. Nakijwa akasikia sauti ya baba mkwe wake ikinguruma:

"Anayebisha bomba, mpe ngata! Ya kwangu iko ndani, njoo uichukue!"

Nakijwa, ambaye tangu aolewe hakuwa amejilaza jua likiwa juu, akamvuta mtoto ubavuni, akasikiliza maji yakianguka kwenye debe la mtu fulani, akalala.