Nzi Waliokwenda Kutoa Mkono wa Pole

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama mna njaa. Tena! Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na mti, mti ukalia, na waliokwenda msibani wasirudi. Watoto sogeeni mbele. Na nyinyi wakubwa msikae huko nyuma mkajifanya hadithi si yenu. Ya leo ni yenu kuliko ya watoto.

Hapo zamani za kale, kabla mtu hajatia mguu duniani, palikuwa na msitu wa misandarusi. Miti mirefu, kivuli kizito. Na ndani ya msitu huo paliishi ukoo wa nzi. Si hawa nzi wetu wanaokuja kwenye bakuli bila kualikwa, la. Wale walikuwa na miguu mirefu na mabawa ya mistari, na wakiruka wanasikika ziii, ziii, kwa adabu kabisa. Leo hawapo. Nenda pwani, nenda bara, geuza kila jani, humwoni hata mmoja. Mimi nitawaambia walikwishaje.

Ukoo ule ulikuwa na desturi moja. Akifa mmoja wao, wote wanakuja. Mkubwa anakuja, mdogo anakuja, mgonjwa anabebwa. Wanapanga foleni. Mmoja mmoja anamshika marehemu kwa mikono miwili, yaani ile miguu yao ya mbele, anasema: "Tangulia, tupo nyuma yako." Anaondoka, anakuja mwingine. Asiyeshika si wa ukoo. Hachezi ngoma nao, haolewi, haoi, na siku yake ikifika anakufa peke yake na hakuna wa kumgusa.

Nani kacheka? Usicheke. Ilikuwa desturi nzuri. Angekuwapo Mize, ningekwambia kamuulize.

Mize alikuwa mjane. Mumewe alipokufa kwa baridi ya masika, Mize alilala chini akasema naye hainuki tena. Wakaja nzi mia tatu. Wakamshika marehemu, kisha wakamshika na yeye, mmoja mmoja, mpaka akachoka kushikwa. Akainuka. Akamlea binti yake wa pekee, Kazija. Kwa hiyo msiniambie Mize hakuipenda desturi ya kwao. Aliipenda sana.

Basi siku moja akaja Dumuzi, yule mdudu mtoboa miti, akaushika msandarusi mkubwa kuliko yote. Keke! Keke! Keke!

"Dumuzi, unafanya nini?" nzi wakamuuliza.

"Natafuta nyumba."

Keke! Keke! Keke! Mti ukaumia. Mti ukalia. Chozi lake likatoka zito, rangi ya samli, linang'aa kwenye jua. To! Likadondoka juu ya gome. To! Likadondoka jingine.

Bi Pandu, kizee mpenda jua, akaliona. Akatua juu yake apate joto. Akavuta mguu huu, hautoki. Akavuta ule, hautoki. Ziii! Ziii! Jua halijapanda juu, alikuwa amekwisha kufa.

Mkubwa wa ukoo aliitwa Mwinyi Kombo. Akapanda juu ya kijiti chake kikavu, mahali pake pa siku zote, maana desturi ilisema mkubwa wa ukoo anasimamia foleni, naye anashika wa mwisho. Akapaza sauti: "Msiba! Msiba! Njooni mshike!"

Wakaja wote. Wa kwanza alikuwa Mshamu, mjukuu wa marehemu. Akashika kwa mikono miwili. "Tangulia, bibi, tupo nyuma yako." Akataka kuondoka. Mikono haitoki. Akavuta. Akapiga mabawa, ziii! Akapiga kelele, "Jamani! Jamani nivuteni!"

Hapo ndipo walipokosea, na kosa lile wangelifanya wao tu. Walimwona anavyohangaika, wakadhani ni uchungu.

"Maskini Mshamu! Tazama anavyompenda bibi yake!"

"Hataki kumwachia!"

"Mjukuu ndiye huyo!"

Wa pili akaja, naye hakutaka aonekane ana mapenzi haba. Akashika kwa nguvu. Akanasa. Akasifiwa. Wa tatu akashika kwa nguvu zaidi. Akanasa. Akasifiwa zaidi. Na waliobaki kwenye foleni wakaanza kusukumana. "Nipisheni! Kwani mimi sina uchungu?"

Zamu ya Mize ikafika. Akanyoosha mkono mmoja kwanza, na ncha yake tu ikagusa. Ikashikwa. Akavuta, wapi!

Juu yake kwenye gome alikuwa anapita Konokono, mwendo wake ule ule wa polepole. "We Mize! Uache huo mguu!"

"Niuache?"

"Uache mguu, uondoke na roho yako! Mimi toka nizaliwe natembea juu ya ute, naujua ute. Wangu unateleza. Huo unameza."

Mize akajikaza, akajivuta. Kwach! Akabaki na miguu mitano. Akaruka upande upande mpaka kwenye kijiti cha Mwinyi Kombo.

"Mwinyi, simamisha foleni. Hawalii kwa uchungu. Wamenasa."

Mwinyi Kombo akamtazama pale mguu ulipokatika. "Umeacha mguu wako kwa marehemu. Umefanya jambo kubwa, Mize. Ukoo hautasahau."

"Sikuuacha kwa heshima, Mwinyi, nimejing'oa! Nakupigia magoti. Leo tuage kwa mbali. Tusimame kwenye majani, tuseme maneno yetu, turudi nyumbani. Marehemu watasikia."

"Kwa mbali?" Mwinyi Kombo akacheka, akawageukia wengine. "Mmesikia? Mize anataka tuzikane kwa kupungiana mikono!" Wakacheka wote, hata waliokuwa wanalia. Kisha akamgeukia tena. "Mumeo alipokufa, nani alisimama mbali?"

"Hakuna, Mwinyi."

"Walikushika, hawakukushika?"

"Walinishika."

"Na leo wewe unataka nani asishikwe?"

Kilichomuuma Mize ni kwamba yote yale yalikuwa kweli.

To! To! To!

Sasa sikilizeni vizuri. Aliyenasa hakai sana, anakufa. Akifa naye ni marehemu, naye anadai kushikwa na ukoo mzima. Asubuhi marehemu alikuwa mmoja. Jua lilipopinda walikuwa arobaini. Kila mmoja ana mama, ana ndugu, ana rafiki, na wote wamo kwenye foleni.

Kazija naye alikuwamo kwenye foleni. Mize akamshika bawa.

"Twende nyumbani, mwanangu."

"Mama, unaniaibisha."

"Nikuaibishe, lakini uwe mzima."

"Zamda yumo mle, mama. Zamda wangu, tuliyezaliwa naye jani moja. Baba alipokufa Zamda hajajua hata kuruka, akabebwa akaja kumshika baba. Leo mimi nisimshike?"

"Zamda hasikii tena kama unamshika au humshiki."

"Mimi nitasikia," Kazija akasema.

Mize akaona huyu hatamweza kwa maneno. Akarudi mbio kwa Mwinyi Kombo. "Mwinyi, hao wengine nimeshindwa. Nakuomba huyu mmoja. Sema neno moja tu, kwamba Kazija asiposhika hatatengwa. Akikusikia wewe atatoka."

Mwinyi Kombo akafikiri. Nasema kweli, alifikiri, maana hakuwa mtu mbaya. Kisha akatikisa kichwa. "Nikimruhusu mmoja, nitamkatalia nani? Na nikiwaruhusu wote, mimi ni mkubwa wa nini?"

Mize alipogeuka, Kazija hakuwapo kwenye foleni.

Akamkuta. Mikono yote miwili ilikuwa ndani, na kifua kimegusa. Kazija halii wala hapigi mabawa.

"Mama, ulisema kweli."

"Vuta! Acha mikono, mwanangu, nitakulisha mimi! Vuta!"

"Nimevuta. Imefika kifuani."

Mize akashuka. Akashuka tena. Akanyoosha mkono.

"Mama! Simama hapo hapo!"

"Siwezi."

"Niage kwa mbali."

"Siwezi, Kazija."

"Ulimwambia Mwinyi inawezekana. Ulisema watasikia. Mimi bado nasikia, mama. Sema."

Basi Mize akatua kwenye jani lililo karibu kuliko yote. Jamani, ilikuwa umbali wa pumzi moja. Akasema. Akamwambia alivyokuwa mdogo, alivyoanza kuruka akaangukia kwenye uyoga, baba yake alivyocheka. Akamwambia yale maneno ya ukoo. Kisha akaanza upya, kutoka kwenye uyoga. To! Chozi la mti likamfikia Kazija shingoni. To! Likamfikia machoni. To! Mize akaendelea kusema, na aliyekuwa anaambiwa hayupo tena.

Foleni ikaisha. Kwenye msitu mzima haikusikika ziii hata moja.

Mwinyi Kombo akabaki juu ya kijiti chake peke yake. Zamu yake. Akashuka polepole. Akasimama ukingoni mwa ule utomvu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatazama kwa karibu. Akawaona mia tatu, mikono imenyooshwa, midomo wazi. Hapakuwa na mtu nyuma yake wa kumwona. Akanyanyua mkono. Akaurudisha.

Akaruka mpaka kwenye jani la Mize. Akakohoa kidogo.

"Mize, binti yangu."

"Naam, Mwinyi."

"Lile neno lako la asubuhi. La kuaga kwa mbali. Nimelifikiria sana. Naona ukoo unaweza kulikubali."

Mize akamtazama.

"Ukoo upi, Mwinyi?"

Mwinyi Kombo akarudi kwenye kijiti chake, akakaa hapo mpaka mvua za vuli zilipomwangusha, akafa. Mize alimfuata baada ya siku chache. Hapakuwa na yai, hapakuwa na mtoto, na hao nzi hawakuonekana tena.

Machozi ya mti yakagandamana, yakawa mawe, yakazama ardhini. Ndiyo sandarusi hiyo. Siku moja ukiokota kipande, kielekeze kwenye jua. Ukimwona nzi ndani, wajuaji watakwambia alinasa kwa ulafi, alifuata utamu. Waambie waongo! Waambie alikwenda kutoa pole.

Na funzo lake nawapa bila kuzunguka. Desturi imewekwa ili iwashike walio hai. Siku inapoanza kuwaua, ibadilisheni siku hiyo hiyo. Na wewe mkubwa uliyekalia kijiti, neno la kweli likubali wakati wapo wa kuokolewa, usingoje mpaka ifike zamu yako.

Hadithi yangu imeishia walipoishia wao. Nyinyi bado mpo. Nendeni mkalale.