Mkeka wa Nusu Fainali

Sogeeni mbele, akina mama, na nyie akina baba wa benchi la nyuma msijifanye mmesinzia. Alikuwapo fundi baiskeli mmoja. Mtaa wake siutaji, maana mie simsengenyi mtu, nasimulia tu.

Fundi huyu aliipenda timu ya mji wao kama kijana anavyopenda uchumba wa kwanza. Siku ya nusu fainali alijifungia ndani na redio. Mkewe alikuwa uani, kimya, kama alivyokuwa kimya tangu masika, walipomzika mtoto wao mchanga, wa kwanza na wa pekee. Siku ile ya maziko fundi hakutoa chozi. Alisema Bwana alitoa, Bwana ametwaa, kisha akaenda kuziba pancha za watu. Mtaa ukasema yule ni jiwe. Mkewe naye, akilala kando yake, alianza kuamini hivyo.

Basi penalti ya mwisho ikagonga mwamba. Timu ikatolewa.

Fundi akatoka nje kama mtu atembeaye usingizini. Akatandika mkeka mbele ya mlango, akajifunika kichwa kwa bendera ya timu, akakaa. Jua la alasiri lilikuwa laini kama samli. Kuku wakampita, mawingu yakampita, na sauti ya mtangazaji ikaendelea kumvumia masikioni kama nyuki aliye mbali. Machozi yakamtoka, yakatoka tu, naye asiyafute.

Sasa desturi yetu mnaijua. Msibani hatuulizi mlangoni. Unaingia, unakaa, unalia, ndipo unauliza nani katangulia. Jirani mmoja aliyetoka mashineni na unga wake akamwona mwanamume mkekani, kichwa kimefunikwa. Akatua unga, akajitanda kanga, akaangua kilio. Wakaja wengine, huyu na kuni, huyu na sufuria. Fundi akawasikia wakilia kumzunguka, wala hakushangaa. Alidhani matokeo yameshafika dunia nzima.

Hata yule jirani akapenga kamasi, akamwinamia. "Pole, baba. Nani katutoka?"

"Timu, dada. Kwa penalti."

Wakaangua kicheko mpaka kanga zikadondoka. Jirani akajitwisha unga wake, akasema yeye hakupanga foleni mashineni kwa ajili ya mpira. Wakaanza kuondoka, wengine wakiimba nyimbo za timu iliyoshinda, ili wamchome vizuri.

Mkewe alikuwa amefika mlangoni. Yeye hakucheka. Aliketi mkekani, akamgusa mumewe shavuni kwa kidole, akakitazama kidole kilivyolowa.

"Baba Tumsifu," akamwita.

Tangu masika hakuna aliyemwita hivyo. Jina lile lilizikwa pamoja na mtoto.

"Kumbe machozi unayo," akasema. "Basi, maadamu mkeka umeshatandikwa, tumlilie na mwanetu."

Fundi akaivua bendera. Akaanguka mapajani mwa mkewe, akalia kilio ambacho hakikuwa na timu ndani yake. Kule njiani nyimbo zikakatika. Wanawake wakarudi mmoja mmoja, wakakaa. Yule mwenye unga alibandika ugali kwa mikono yake. Nasikia ulikuwa na mabuja ya unga mbichi, lakini hayo tutayamalizia kisimani.

Sasa sisi je, ndugu zangu? Mara ngapi tumemwona mtu akilia kwenye mlango usio wa msiba wake, tukacheka, tukaondoka na unga wetu? Huyu analilia mpira, yule analilia kuku aliyekanyagwa, mwingine kikombe kilichovunjika. Nani alikuambia ni kikombe? Yapo machozi yanayozunguka mji mzima yakitafuta pa kutokea, na Mungu huyafungulia mlango wowote ulio karibu.

Kwa hiyo mwenzio akilia, usimpimie msiba wake. Kaa kwanza. Lia naye. Ndipo uulize. Si ndiyo desturi yetu?