Wageni Wetu Wasimame

Hii nimeipokea asubuhi na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Isome, kisha umpe na mwingine, tuubebe mzigo huu pamoja.

Pasta Mwakio alitumwa Mombasa kupanda kanisa. Akakodi ukumbi karibu na Mji wa Kale, akanunua spika na viti vya plastiki. Waliomtuma hawakumficha kitu: "Watu wapya wasipopatikana, tutafunga."

Mji ule wa karne nyingi haukumtazama hata kwa jicho moja. Alihubiri mpaka sauti ikakauka. Waliokuja ni wale wale, jamaa zake wa kutoka Taita. Akirudi nyumbani alilia.

Tumaini lake likabaki moja. Kila Jumapili, katikati ya ibada, mzee wa kanisa alitangaza, "Wageni wetu wa leo wasimame!" Na hakukosekana mama wa kusimama kule nyuma. Makofi yalipigwa, akapewa soda. Pasta alishuka, akamshika mkono na kumuuliza jina, jicho lake likiwa mlangoni kutafuta mwingine. Kisha akawapigia simu waliomtuma: "Leo pia tumepata mgeni!" Kanisa likaachwa liendelee.

Jumapili moja hakusimama mtu. Jumanne yake akaja Mzee Shee, fundi cherehani wa Kisauni.

"Pasta, pole kwa msiba. Maiti iko mochari. Mnamzika lini?"

"Maiti ya nani?"

"Mama Mbeyu. Jirani yetu, muumini wako."

"Hatuna Mbeyu hapa, mzee wangu."

Shee akatoa simu, akamwonyesha picha.

"Ah, huyu ni mgeni wetu," pasta akasema.

"Mgeni wa lini?"

Pasta akaanza kuhesabu Jumapili. Alimwona mama yule Jumapili ya Pasaka. Akamwona Jumapili za mvua. Akamwona Jumapili iliyotangulia hii. Wageni wote wa mwaka ule walikuwa yeye.

"Hakuwa na mtu duniani," Shee akasema. "Lakini alikuwa akijisifu kwetu. Eti hapa ukisimama tu, pasta mwenyewe anakushika mkono na kukuuliza jina."

Makaburini pasta aliombwa aeleze habari za marehemu. Alichokijua ni jina tu, nalo la kuambiwa na Shee. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu mwaka mzima hakupewa hata ufagio. Ikabidi Shee, Mwislamu, asogee mbele na kusimulia maisha ya muumini pekee ambaye mji ule ulimpa pasta.

Mwezi uliofuata ukumbi ulitiwa kufuli. Pasta hakubisha.

Funzo: Unaweza kumpigia mtu makofi mwaka mzima na usimjue. Mjue aliyeketi nyuma yako kabla hujaulizwa habari zake makaburini.