Wali wa Bwana Wichian

Kula wali wa mkutano si kuuza mto. Mmemsikia mjomba wenu akimrushia diwani maneno hayo asubuhi, mkacheka, na sasa mwataka kujua ni mto gani na wali gani. Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi, mbali na kwetu, nchi ya Tailandi, katika kijiji kimoja ukingoni mwa Mto Mekong. Ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, lakini watu ni wale wale: wanaoana na wanazikana.

Aliishi hapo mjane, jina lake Kamla. Kila kiangazi maji yaliposhuka, ukingo ulibaki na tope jeusi, laini kama samli, naye akapanda humo karanga, maharagwe na mboga. Shamba jingine hakuwa nalo. Tope lile ndilo lililomlisha mwaka mzima.

Siku moja akaja afisa kutoka mji mkuu, Bwana Wichian, shati limenyooshwa pasi utadhani litamkata. Akawakusanya wanakijiji kwenye ukumbi wa hekalu, akawagawia kofia za bluu, na wali na kuku wa kuchoma kwenye viboksi. Akaeleza habari za bwawa litakalojengwa ng'ambo, umeme wake uje kuwasha miji ya Tailandi.

"Andikeni majina," akasema, "tujue chakula kimewafikia wangapi."

Kamla, ambaye kusoma kwake kuliishia kwenye jina lake, akaliandika kwa madaha, akala kuku wake.

Haukupita muda, tangazo likabandikwa: kijiji kimeridhia bwawa, na sahihi ndizo hizi. Maji sasa yangepanda hata kiangazi. Bustani ya Kamla, kwisha habari yake.

Akapanda mtumbwi, akavuka kwa dada yake Phui, aliyeolewa ng'ambo.

"Mmetuuza!" Phui akamlaki hivyo. "Huku tumeambiwa nyinyi mmekubali. Sisi tukatae kwa uso gani?"

"Nasi tumeambiwa nyinyi ndio mliotangulia!"

Wakatazamana. Kisha Phui akauliza taratibu, "Huyo afisa wenu, anakula?"

"Anakula kama mwenye mimba."

Bwana Wichian aliporudi, alikuta watu wa kingo zote mbili wamejaa ukumbini, na chakula tayari: wali wa kunata kwenye vikapu vidogo, samaki wa mto, na karanga za Kamla. Akala, akaongezwa, akala tena. Kamla akamletea daftari.

"Andika jina, mwanangu, tujue chakula kimekufikia."

Akaandika, na cheo chake chini. Kamla akalifunga daftari, akalikumbatia.

"Ahsante. Umeridhia bwawa lisijengwe. Sahihi yako hii hapa."

"Mama, acha mzaha! Mimi nimekula tu!"

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawakusikia."

"Nimekula tu!"

Ukumbi ukalipuka: "Na sisi tulikula tu!" Kofia za bluu zikaanza kutua miguuni pake, moja baada ya nyingine.

"Nirudishie ukurasa wangu," akasema afisa, jasho likimtoka.

"Nawe nirudishie jina langu. Kuku wako huyu hapa, tena mzima." Akamtia mkononi mtetea aliyefungwa miguu.

Afisa akaitoa orodha mkobani. Kamla akalitafuta jina lake kwa kidole, akalikata. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

"Wataletwa maafisa wengine," Wichian akanong'ona.

"Waje na njaa," akajibu Phui. "Tutawapikia."

Akaondoka na ukurasa wake na orodha isiyobakiwa na jina hata moja, kuku akipiga kelele kwapani. Bwawa halikufa siku ile, wajukuu zangu. Wakubwa hawachoki upesi hivyo. Lakini tangu hapo, kila ajaye na viboksi vyake hukaribishwa, na chakula chake huliwa hadi punje ya mwisho. Kalamu ikitolewa tu, watu hunawa mikono, wakamtazama usoni, wakamwambia: kula wali wa mkutano si kuuza mto.