Gurudumu la Serkinda Halipakwi Mafuta

Paukwa!

— Pakawa!

Siku mto ulipoingia ndani ya nyumba za Serkinda, mwanamke mmoja alimuuliza mhandisi wa bwawa: "Bwana, ingezama nyumba ya mama yako, ungeyaita hayo maendeleo?" Mhandisi akatazama viatu vyake.

Basi tuanze mwanzo. Enzi za wazee wa wazee wetu, Serkinda ulikuwa mji wa Wanubi kando ya mto Naili. Ulikuwa na gurudumu la kuteka maji, la mti mtupu, likizungushwa na ng'ombe. Nalo halikupakwa mafuta abadani. Lililia: Niiiko! Niiiko! Ukilisikia ukiwa jikoni, unajua shamba linakunywa. Likinyamaza, ng'ombe kaanguka. Mbio!

Akaja mfalme na mikuki. "Kelele gani hizi? Lipakeni mafuta!"

Nabra, mlinzi wa gurudumu, akasema, "Mafuta yetu ni ya nywele za maharusi. Kwani wewe bibi harusi?"

— Weee!

Gurudumu likalia: Niiiko! Siku tatu mfalme hakupata lepe la usingizi. Akakunja hema, akaenda zake.

Akaja liwali. Huyu mjanja, kaja na mafuta yake mwenyewe. Askari wakalipaka gurudumu. Kimya.

— Ikawaje?

Mji mzima ukadhani ng'ombe kaanguka! Wakatoka mbio na majembe, na kamba, na miiko ya ugali mkononi. Liwali kuona majembe mia, akadhani vita. Kilemba huku, yeye kule! Mjukuu wa Nabra akalisugua gurudumu kwa mchanga. Niiiko!

Akaja mhandisi. Hakuleta mafuta, alileta bwawa. Maji yakapanda, watu wakaamriwa kuhama. Gurudumu likasema, "Msiniache." Kitukuu wa Nabra, yule yule aliyeuliza swali, akalifungua kamba kwa kamba, akalipakia juu ya ngamia.

Mhandisi akacheka. "Mama, mnakopelekwa ni jangwa. Gurudumu bila mto la nini?"

"La kulia."

Mhandisi akaandika kitabuni: Hapa hapakuwa na mji. Na kule jangwani, kila asubuhi, ng'ombe akafungwa, gurudumu likazunguka pakavu. Niiiko!

— Niiiko! Niiiko!

Anayetaka unyamaze, wadogo zangu, ameshalitamani shamba lako. Hadithi yangu naitua hapo.

Nawaomba jambo moja: mkikikuta kitabu kile cha mhandisi shuleni, nyosheni mkono, mbishe.