Kwa Nini Kunguru Hukagua Nyuso za Watu

Kunguru hawa mnaowaona wakipekua majalala ya mji wetu, hapo kale walikuwa weusi tititi kuanzia mdomo hadi mkia. Wala hawakuwa wa kisiwani. Waliletwa na watu wa mjini wenyewe, waliochoka kuzoa taka zao, wakaona kazi hiyo wawape ndege. Uvivu ule uliwatokea puani. Kunguru waliongezeka, taka zikawa haziwatoshi, wakamaliza mayai, wakamaliza vifaranga, na ndege wadogo kama chozi na shore wakatoweka vichakani.

Mize, msuka mikeka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuua kunguru. Alimpiga mmoja kwa mchi uani kwake, mchana kweupe, wenzake wakitazama kutoka ukutani. Hawakupiga kelele. Walimtazama usoni tu.

Kuanzia kesho yake walimwandama. Akienda kisimani wako nyuma. Akirudi wamejipanga juu ya paa lake, na kwa jirani hakuna hata mmoja. Mize alikuwa na binti mchanga, Radhia, na aliogopa hadi maziwa yakamkauka. Siku ya saba alimkuta kunguru chumbani, ametua ukingoni mwa susu alimolazwa Radhia, anamchungulia.

"Wameujua uso wako, mwanangu," alisema mkwewe, Bi Shemsa. "Na mtoto huyu sura kachukua yako."

Mize aliingia jikoni, akajipaka majivu uso mzima na mikono, akatoka uani. Kunguru hawakumtambua, wakamwacha apite katikati yao. Akamfikia mkubwa wao, akamkaba shingo kwa mikono miwili. Ndege alifurukuta mpaka akamponyoka, lakini majivu yakabaki shingoni. Kundi zima likaruka kwa hofu, likatawanyika mjini bila kujua nani wa kulipizwa.

Na tangu siku hiyo, uzao wote wa kunguru yule mkubwa una shingo ya kijivu, na watega kunguru hufunika nyuso zao wakiwa kazini. Mize amekufa zamani, ila kunguru hawana habari hiyo. Ukipita karibu na kunguru, huinamisha kichwa akakukagua, kwanza kwa jicho hili, kisha kwa lile. Ndiyo maana mama wa kisiwani akimbeba mtoto chini ya kunguru humfunika uso. Kwani Radhia alizaa, na wanawe wakazaa, na hatujui tena ni nani kati yetu aliyeurithi uso ule.